Alhamisi Tuliyonyang'anywa

Alhamisi, 3 Oktoba

"Mwanafunzi akishalijua jedwali la vitenzi vya Kiingereza, wakati wa sasa na wakati uliopita, ameijua lugha. Vile vineno vidogo vinavyofuata vitakuja vyenyewe."

Hayo ni maneno ya Mkaguzi Kalala, leo asubuhi, mbele ya walimu wote, huku akigongagonga meza kwa kalamu.

Havitakuja vyenyewe, Bwana Mkaguzi. Nimefundisha Kiingereza hapa Kamina, Kongo, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na sijaona hata kimoja kikija chenyewe. Watoto wetu huliimba jedwali kama rozari: "take, took, taken". Kisha dereva wa lori kutoka Zambia anasimama sokoni, anawasimulia mambo mawili matatu ya safari yake, na wao wanabaki kukodoa macho. Kwa nini? Kwa sababu katika maneno ya kila siku "took" haitembei peke yake. Kofia, "he took it off", aliivua. Yatima, "she took her in", alimpokea nyumbani kwake. Baba, "he took after him", alifanana naye. Kitenzi ni kilekile. Waliogeuza maana ni wale wadogo wanaokifuata, na usipowajua utamvua mtu badala ya kumpokea.

Mimi ni binti wa mfanyakazi wa reli. Injini bila mabehewa ni kelele tu.

Ndiyo maana kuna Alhamisi. Kila Alhamisi baada ya masomo, wanafunzi wa mwaka wa mwisho hukaa nami saa mbili bila jedwali. Kila mmoja husimulia jana yake: nani alimwamsha, alivaa nini, alikutana na nani njiani. Jana tu, kwa Kiingereza, na vineno vyote vidogo mahali pake. Nilizianzisha pamoja na Urbain Mwanza, aliyekuwa mwanafunzi wangu tangu hajaota ndevu, na sasa ni mwalimu mwenzangu wa Kiingereza. Mkaguzi anataka kuziondoa saa hizo, azipe jedwali. Tume ya ukaguzi itatutembelea Desemba, kisha wazazi waamue mwezi wa tatu.

Nilipotoka mkutanoni niliubamiza mlango. Urbain alinishikia mkoba.

"Musijali, Mama. Ule papa Mukaguzi hayasikia bado hata mutoto mumoja anasema. Tutasimama shiye wawili, ataona."

Shiye wawili, sisi wawili. Nayaandika ili nisiyasahau.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mvua ya kwanza ya kweli. Bati lilipiga kelele hata tukashindwa kusikiana, tukasimulia jana zetu kwa kupiga mayowe kama wauza samaki.

Jumatano, 16 Oktoba

Uyoga sokoni. Hakuna jingine.

Alhamisi, 24 Oktoba

Leo Lydie, binti wa mlinzi wa njia ya reli, alisimulia jinsi upepo wa Jumatano ulivyowachezea. "The wind took it off," akasema, akionyesha juu. Paa lao. Wakakimbia nje, jirani akawapokea. "She took us in." Hakutazama popote, hakuhesabu kwa vidole. Nyuma mtu akacheka, "Lydie, paa yenu ilienda kusalimia bantu ya kule Luena," na yeye akajibu kwa Kiingereza kwamba paa lina adabu kuliko huyo aliyecheka, kwa sababu angalau lilikwenda kusalimia.

Kisha wakauliza kwa nini ni "took it off" na si vinginevyo. Nilitaka kujibu, lakini Urbain alikwisha kusimama.

"Jina kubwa, kama paa, linaweza kukaa katikati ao mwisho, ni sawa. Ni kama mkuu wa stesheni, anakaa fasi anataka. Lakini kale kaneno 'it' ni maskini. Kanabanwa katikati, hapana ingine fasi. Sasa 'look after', kuchunga mutu, hii iko ndoa ya kanisa. 'Look' na 'after' habaachane. Kale maskini kanabaki nyuma, kanatembea na mizigo."

Darasa lilivunjika mbavu kwa kicheko, na wakaelewa. Miaka yote hii sijawahi kulieleza vizuri namna hiyo. Nilimtazama kijana huyu nikawaza: nikifa kesho, Alhamisi haitakufa.

Alhamisi, 7 Novemba

Urbain hakuja. Homa. Gracia, binti yangu, amempelekea supu.

Alhamisi, 14 Novemba

Hakuja tena. Mvua kutwa. Gracia anasema homa ya mwaka huu inakawia kutoka mwilini. Yeye anafanya kazi duka la dawa, basi anajua.

Alhamisi, 21 Novemba

Amekuja. Hakuongea sana. Alikaa karibu na mlango.

Alhamisi, 5 Desemba

Naandika mchana huu huu, kabla hasira haijaniharibia kumbukumbu.

Tume ilikaa mbele: Mkaguzi Kalala, mkuu wa shule, na wageni wawili wenye viatu visivyojua tope la Kamina. Tulikuwa tumepanga. Urbain afungue, wanafunzi wasimulie jana zao, mimi nifunge. Lydie alikuwa amevaa sare iliyopigwa pasi mpaka inang'aa. Urbain alisimama, akafungua mkoba, akatoa karatasi ndefu iliyoviringishwa. Akaitundika kwenye msumari ninaotundikia mwavuli wangu. Jedwali. Safu tatu, wino mwekundu.

"Waheshimiwa," alisema kwa Kiswahili kilichonyooka, kile anachokiweka kwa ajili ya wakubwa, "kwa miaka kadhaa wanafunzi hawa wamefundishwa Kiingereza cha barabarani. Sitamtaja mtu. Ni kosa la upendo."

Kosa la upendo. Akikutukana mtu kwa hasira unaweza kumjibu. Aliyekutukana kwa huruma amekufunga mdomo kwanza.

Kisha akawasimamisha watoto wangu, wale wale waliosimulia paa lililosafiri, akawaimbisha: "Let, let, let. Put, put, put. Cut, cut, cut." Mkaguzi alikuwa akitikisa kichwa kwa mdundo. Lydie aliimba akinitazama, na macho yake yaliniuliza kama na hii ni sehemu ya mpango wetu.

Nilisimama. Mkaguzi aliinua mkono.

"Mama Marthe, nafasi yako utaipata mwezi wa tatu, mbele ya wazazi. Mpaka siku hiyo, Alhamisi ni ya Mwalimu Urbain. Ya jedwali."

Mlangoni nilimngoja Urbain. Alipita haraka, akasema, "Mama, munisamehe, wakati mwingine tutasemezana." Kisha akafungua mwavuli ingawa mvua ilikuwa imekatika.

Basi tulitazame jedwali lako, Urbain, kwa kuwa unalipenda. "Let" ina sura moja katika safu zote tatu. Ukiitazama hapo msumarini huwezi kujua kama kuna jambo limetokea duniani. Nani alimfanya nini nani, na akamwacha aende upande gani? Hakuna. Weka mtu katikati na kineno mwishoni, "he let me down", aliniangusha, na ghafla kuna mwanamke amesimama mlangoni na mkoba wake. Ulijua hivyo. Wewe ndiye uliyewafundisha kuhusu yule maskini anayebanwa katikati.

Ijumaa, 6 Desemba

Sikwenda kazini.

Alhamisi, 12 Desemba

Nilipita nje ya darasa. Wanaimba.

Jumatano, 25 Desemba

Misa. Gracia alipika. Kuku alikuwa mtamu.

Jumamosi, 11 Januari

Leo wameingia uani wajomba wawili wa Urbain, wamevaa makoti, wakiwa na jembe jipya na kitenge kilichokunjwa. Yaya Nkongolo, kaka yangu, mkubwa wa ukoo wetu, alikuwa ameitwa kabla yangu. Nilijua maana ya jembe. Kila mtu hapa anajua. Wamekuja kumwomba Gracia.

Mjomba mkubwa alisema, "Mutoto wetu aliona moto mu nyumba yenu. Anaomba kuota."

Nilitazama jembe lile. Nikawaza: huyu ameona aibu. Hawezi kuniomba msamaha kwa mdomo, anauomba kwa jembe. Mtu anayekuomba binti yako hawezi kubaki adui yako. Gracia alikuwa amejificha jikoni, nikasikia sufuria ikianguka.

Nkongolo aliniuliza, "Marthe, tupokee?"

"Pokeeni," nilisema. Nililitamka kwa furaha. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumatatu, 13 Januari

Asubuhi, njia ya kwenda shule, Urbain alikuwa akija upande wangu. Hatua chache kabla hatujakutana aliacha njia, akaingia kwenye majani yaliyolowa mpaka magotini, akageuka, akanipa mgongo mpaka nikapita. Nilicheka. Hiyo ndiyo adabu ya buko, adabu ya ukwe wetu Waluba: jembe likishapokelewa, mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawakai chumba kimoja, hawasemezani ana kwa ana. Akilowa, ndivyo anavyotuheshimu. Nikasema moyoni, kijana amelelewa.

Alhamisi, 16 Januari

Niliingia chumba cha walimu, akatoka kwa mlango wa nyuma na chaki mkononi. Walimu wengine wakanitania: "Mama mukwe, unafukuza bantu."

Alhamisi, 23 Januari

Nkongolo amekuja kabla ya mvua ya mchana, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayeleta habari ya msiba.

"Marthe, ule mukutano ya mwezi wa tatu, usiende."

"Kwa nini nisiende, yaya?"

"Banasema utasimama na mukwe wako, mutabishana macho kwa macho mbele ya bantu. Haiko vile."

"Haiko vile kwa nani?"

"Kwa shiye. Bantu batasema tuliuza haya yetu ku soko."

"Na yeye aliposimama mbele ya tume, haya zake alikuwa ameziacha wapi?"

Nkongolo alifikiri. Ni mtu mkweli, ndiyo shida yake.

"Mu Desemba alikuwa haiko mukwe."

Mvua ikaanza. Chini ya kelele ya bati, neno lile moja likaniingia polepole kama tope kwenye kiatu. Desemba hakuwa mkwe. Machi ni mkwe. Alinipiga kwanza, kisha akaingia katika nyumba yangu na kufunga mlango, ili nisiweze kumrudishia bila kuvunja nyumba yangu mwenyewe. Jembe ambalo nililipokea kwa furaha lilikuwa limenolewa ncha zote mbili.

Nimesoma vitabu vya falme zilizoanguka kwa hila, nikawacheka wale wafalme. Hakuna aliyeangushwa kwa jembe.

Alhamisi, 30 Januari

Wanaimba. Lydie hayumo. Mvua.

Jumamosi, 8 Februari

Nilimuuliza Gracia swali moja tu, tukiwa tunachambua sombe, majani ya muhogo.

"Ulijua lini?"

Hakunidanganya. Mikono yake ilisimama juu ya majani.

"Mu mwezi wa kumi na moja. Ile wakati ya homa. Alikuwa haiko na homa sana, Mama. Mukaguzi alikuwa anamuita kwake."

"Na supu?"

"Supu nilipeleka."

"Ukala naye, ukarudi kwangu ukaniambia homa inakawia."

"Alisema atawaambia mweye, yeye mwenyewe. Kila juma alikuwa anasema, juma ingine. Mama, ninamupenda. Mulikuwa munataka nifanye je?"

Nilitaka kusema jambo ambalo haliwezi kurudishwa. Badala yake niliendelea kuvunja majani, vikonyo huku, majani huku. Urbain ni mtu wa nje. Huyu nilimzaa. Na bado, nikimtazama, niliona msichana aliyekuwa akibeba sufuria katikati ya nyumba mbili, kila nyumba ikimwambia asimwage.

Hilo halimwondolei kosa. Nimeliona tu.

Jumatano, 19 Februari

Radi imepiga nguzo karibu na stesheni. Giza mtaa mzima wa reli.

Jumamosi, 22 Februari

Nimelipata. Lilikuwa mbele ya macho yangu.

Haya za ukwe si za milele. Kuna kuku wa kuziondoa. Mama mkwe mwenyewe humpika mzima, bila kumkata, humwita mkwe ndani, humnawisha mikono, naye hula mbele ya macho yake. Akishameza, ukuta umeanguka. Kuanzia hapo wanasemezana kama mama na mwana. Kwa kawaida watu hungoja ndoa, hungoja hata mtoto wa kwanza. Lakini sijasikia mzee yeyote akitaja tarehe.

Nimemwambia Nkongolo. Alishika kichwa.

"Unataka kuingiza mukwe mbele hata ya ndoa? Ju ya mukutano?"

"Nataka kumpa chakula. Tangu lini chakula ni kosa kwetu?"

"Marthe, weye unapiganisha hata desturi."

"Yeye ndiye aliyeitia desturi vitani, yaya. Mimi naituma kumrudisha nyumbani."

Jumamosi, 1 Machi

Alikuja. Kumkatalia mama mkwe kuku wake ni tusi ambalo ukoo mzima ungelisikia mpaka Kabongo, na yeye alilijua. Nkongolo alikaa kama shahidi. Gracia alibeba sahani. Mimi nilimmiminia maji mikononi, naye alitazama chini, kama zamani alipokuwa akija ubaoni bila kujua jibu.

Alikata paja, akachovya bukari, ugali wetu, akameza. Nikasema, "Sasa nitazame."

Alinitazama. Miezi mitatu sikuwa nimeyaona macho hayo.

"Kwa nini, Urbain?"

"Ju ya Exetat, Mama." Ndivyo watoto wanavyouita mtihani wa taifa. "Mtihani hauulize jana ya mutu. Unauliza vijumba vine, weka alama mu kimoja. Mwaka jana batoto yenu balikuwa banasema vizuri kabisa, na bengine balianguka. Nani alilia nabo? Minyi. Balikuja kwangu, habakuja kwenu, juu banawaogopa. Mweye munataka kushinda Mukaguzi. Minyi nilitaka bapite."

Nkongolo aliacha kutafuna.

Sitadai kwamba halikuniuma. Kuna watoto walianguka mtihani, ni kweli, na hawakuja kwangu. Nitalifikiria hilo maisha yangu yote. Lakini nilimjibu, na najibu tena hapa: anayeweza kusimulia jana yake atafundishwa kijumba kwa juma moja. Anayejua kijumba tu, mwache kwenye kizuizi cha barabara na mtu anayesema Kiingereza, uone jedwali litamvusha vipi. Ungekuja kuniambia: Mama, watoto wanaanguka, tuongeze vijumba. Tungeongeza. Ulikuwa na mdomo, ulikuwa na kiti nyumbani kwangu. Ulichagua msumari wa mwavuli wangu.

"Ule Mukaguzi aliniahidi kazi ya mukubwa wa Kiingereza," akasema taratibu. "Sitakataa."

"Basi Ijumaa, mkutanoni, uje uliseme hilo, na la Exetat pia. Yote mawili."

"Nitakuja, Mama."

Alimaliza paja. Gracia aliondoa sahani, na mfupa ulikuwa mweupe.

Ijumaa, 7 Machi

Hakuja.

Ukumbi wa parokia ulijaa wazazi, wengi wa mtaa wa reli, wengine kutoka upande wa Base ya jeshi, wameloa wote. Mkaguzi alisimama akasema Mwalimu Urbain ameomba radhi: haya za ukwe zinamzuia kusimama mbele ya mama mkwe wake. Ukumbi mzima ukanong'ona kwa heshima. Kijana mzuri. Kijana mwenye haya. Na mimi niliyekuja nikawa mwanamke asiye nazo.

"Amekula kuku wangu," nilisema. "Jumamosi. Mbele ya shahidi."

Kila mtu alimgeukia Nkongolo. Kaka yangu mkweli alitazama viatu vyake. Nilielewa alichokuwa anakipima: akisema ndiyo, mkwe wa ukoo ni mwongo mbele ya Kamina yote. Akinyamaza, mwongo ni dada yake tu, na dada yake watu wamezoea kumsikia akigomba.

Alinyamaza.

Nimeandika mabishano maisha yangu yote. Niliuokota mwavuli wangu.

Ndipo sauti ikatoka upande wa mlango, pale wanaposimama waliochelewa.

"Alikula. Paja na bukari. Minyi njo nilibeba sahani."

Gracia. Kanga imemgandia mabegani kwa mvua. Mzazi mmoja aliuliza, "Weye si njo muchumba wake?" Akajibu, "Njo minyi. Njo sababu ninajua namna anakula." Watu wakacheka, kicheko kidogo, lakini kilitosha kufungua dirisha. Mkaguzi akataka kupiga kura. Mama yake Lydie akasema hapigi kura juu ya mtu aliyejificha nyuma ya kuku. Wameahirisha mpaka Alhamisi ya tarehe 20. Mbele ya wanafunzi wenyewe, si mbele yetu.

Tulirudi nyumbani mimi na Gracia chini ya mwavuli mmoja. Hakuniomba msamaha, wala sikumwambia nimesamehe. Karibu na nyumba alisema jembe bado liko nyuma ya mlango, na yeye bado hajajua kama litalima au litarudishwa.

Jumapili, 16 Machi

Mvua imepungua. Nimebandika haya mlangoni mwa parokia, na nayanakili hapa.

Wazazi wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho: Alhamisi waleteni watoto wenu, na mkae nao. Msiniulize mimi, msimuulize Mkaguzi. Muulizeni mtoto wenu alifanya nini jana, kwa Kiingereza. Akiwasimulia, mpeni Alhamisi yake. Akiwaimbia, mjue mmepewa nini.

Bwana Mkaguzi Kalala: njoo bila kalamu. Sikiliza.

Yaya Nkongolo: kaa mbele, na macho yako yatoke kwenye viatu.

Na wewe, Urbain Mwanza. Kuku umekula, majani ya njiani hayakufichi tena. Ingia kwa mlango wa mbele. Leta vijumba vyako vya Exetat, nami nitavifundisha pamoja nawe. Lakini kwanza usimame mbele ya Lydie na wenzake, uwasimulie jana yako kama tulivyowafundisha shiye wawili: nani, alimfanya nini nani, na mtu mwenyewe akae katikati, mahali pake, bila kuachwa nje.